Mjadala: Kilimo cha tumbaku kipigwe marufuku, au tunamwonea mkulima?

Wakuu, mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku ulianza kutumika 2005, na kifungu chake cha 17 kinataka mkulima atafutiwe zao au kazi nyingine ya kumlipa. Wapo wanaoona huo ni upole uliopitiliza. Wanataka mmea wenyewe ung'olewe. Mimi napinga.

Wenyeji wa Amerika walilima tumbaku karne nyingi kabla Columbus hajatia nanga 1492, wakaitumia kwenye ibada na tiba. Sultani Murad IV wa dola ya Osmani (Uturuki ya zamani) aliipiga marufuku 1633, akawaua wavutaji, na watu wakaendelea kuvuta. Balaa lilikuja na mashine ya Mmarekani James Bonsack, iliyopata hataza 1881: sigara zaidi ya laki moja kwa siku. Leo mzigo wote tumtwishe mwenye jembe?

— Mkuu, historia umeikata nusu. Kabla ya Bonsack kulikuwa na mashamba ya tumbaku ya Virginia, huko Marekani, yaliyomeza watumwa wa Kiafrika kwa maelfu. Zao hili linakula watu. Mbegu ni kama vumbi, gramu moja ina zaidi ya 10,000. Unaotesha kitaluni, unahamisha miche, unakata maua ili nguvu iende kwenye majani, unang'oa machipukizi, kesho yamerudi. Unachuma kwa awamu kuanzia majani ya chini, halafu bani, yaani banda la kukaushia: tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa joto la moto, inataka moto karibu wiki nzima, usiku na mchana. (Kuni zinatoka wapi, sote tunajua.) Na ukichuma majani yenye umande, nikotini inapenya ngozini, unatapika na kizunguzungu juu, hata kama hujavuta sigara maishani. Huyo unayemtetea anaumizwa na zao lenyewe kabla ya marufuku yoyote.

— Hapo kwenye umande umenishinda. Lakini kampuni inamkopesha mbegu na mbolea, na inaahidi kununua. Nani anamwahidi hivyo kwa mahindi? Ukifunga ghafla, deni la pembejeo analipa nani?

— Basi marufuku iwekewe tarehe, tuseme misimu mitano kuanzia sasa, na mnunuzi wa zao mbadala awe amesaini kabla ya msimu wa tatu. Bila tarehe, hicho kifungu cha 17 kitaendelea kulala kwenye makaratasi.