Shada la zari kwenye kitara: ni pambo tupu au lina kazi?

Fundi wa Kibokoni
Assalamu alaikum. Mteja ameniletea kitara cha kiofisa cha Kiingereza alichoachiwa na babu yake, akitaka nitengeneze ukanda unaoning'inia mpinini. Ni ukanda mwembamba wa zari yenye mistari myekundu, na mwishoni una kitu kilichoviringana kama kungumanga. Upande mmoja umekatika. Je, ni urembo ambao naweza kuushona tu ukakaa, au ulikuwa na kazi ninayopaswa kuihifadhi?

Mzee wa Tudor
Waalaikumu salaam, fundi. Kazi ilikuwepo, tena ya vitani. Askari wa farasi alipitisha mkono kwenye kitanzi na kukikaza, ili upanga ukimponyoka uning'inie badala ya kuanguka chini ya kwato, na ili aweze kuuachia kwa muda akashika bastola. Zari na rangi ziliongezwa juu ya hayo, zikawa alama za cheo: kwa Wajerumani, sajini wa ngazi za juu waliitwa "wenye Portepee", yaani kamba hiyohiyo, kwa kuwa walivaa ya kiofisa. Waingereza wenyewe walikuwa na ya ngozi ya hudhurungi kwa sare ya kazi, maana zari ni ya gwaride. Hiyo kungumanga yako, kwa kweli, ni mfano wa tunda la mwaloni.

Msokota Matamvua
Mimi husokota matamvua ya vikoi, na zari nimeishika sana. Ndani ya tunda hilo kwa kawaida hukaa kibonge cha mti. Uzi wenyewe ni waya mwembamba mno uliopakwa dhahabu, ukazungushwa juu ya uzi wa hariri au pamba. Ukiupitisha kwenye tundu la sindano na kuuvuta, ganda hufumuka na uzi wa ndani ukachungulia. Ulaze juu, kisha uushikize kwa mishono midogo ya uzi mwingine. Usipake dawa ya kung'arishia shaba wala ndimu, kwani dhahabu yake ni utando tu. Na kile kifundo kilichosukwa, kinachopanda na kushuka juu ya ukanda, usikishone hata kidogo, kwa sababu ndicho kinachokaza kitanzi.

Fundi wa Kibokoni
Ahsanteni, wazee wangu. Kifundo hicho nilikitia mishono miwili jana usiku, nikidhani kimelegea kwa uchakavu. Nimekwisha kuifumua.