Naomba ushauri: kitenzi "debunk" kina maana gani hasa, na kilitoka wapi?

Mleta uzi
Ndugu wanajukwaa, ninatafsiri kijitabu cha afya na sentensi moja imenikwamisha siku mbili. Inahusu ile imani kwamba kitunguu kilichokatwa na kuachwa chumbani hufyonza virusi vya mafua. Mwandishi ametumia kitenzi "debunk", nami nikaandika "wataalamu wamekanusha". Nilipousoma mstari huo kwa sauti niliona umepungukiwa, maana hata mwizi aliyekamatwa na kuku mkononi huweza kukanusha.

Mchangiaji wa kwanza
Ndugu mleta uzi, shaka yako ina msingi. Mwaka 1820, Bunge la Marekani lilipokuwa likijadili kama Missouri ikubaliwe kuwa jimbo lenye utumwa, Felix Walker, mbunge wa North Carolina, alisimama kuhutubia wakati wenzake wamekwisha kuchoka na wanataka kura ipigwe. Walipomsihi aache, alijibu kuwa anasema kwa ajili ya Buncombe, wilaya iliyokuwa katika eneo lake la uchaguzi. Jina hilo likageuka kuwa neno la porojo, likaandikwa "bunkum", kisha likafupishwa kuwa "bunk". Mwaka 1923 William E. Woodward, katika riwaya yake iitwayo Bunk, alilitangulizia kiambishi "de-" akapata "debunk", kitenzi cha kuondoa porojo ndani ya jambo. Anayekanusha husema tu kuwa si kweli, ilhali anayefanya "debunk" anakufungulia uongo wenyewe uone ulivyo mtupu.

Mchangiaji wa pili
Kiambishi hicho kinanikumbusha kauli yetu ya kutendua: kunja hutupa kunjua, funga hutupa fungua, na umba hutupa umbua. Mimi ningeandika "wameuumbua uzushi huu".

Mchangiaji wa kwanza
Kwa sarufi umepatia, lakini kuumbua hubeba aibu, na aibu humwangukia mtu. Mama aliyeweka kitunguu kando ya kitanda cha mwanawe anayeumwa hastahili kuumbuliwa. Hapo afadhali "wamethibitisha kuwa ni uzushi", na ushahidi ufuate papo hapo.

Mleta uzi
Ahsanteni sana. Nimeandika upya: "Wataalamu wamethibitisha kuwa imani hii ni uzushi, kwa kuwa virusi vya mafua huenezwa na mgonjwa anapokohoa au kupiga chafya, wala havivutwi na kitunguu." Kuumbua nimekiweka akiba kwa ukurasa unaohusu wauzaji wa dawa bandia.