Wauza darubini, hiyo "525X" kwenye maboksi yenu ni changa la macho!

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira na sitaificha.

Mimi ni mwalimu wa fizikia sekondari, Morogoro. Tuna klabu ya wanafunzi wanaopenda mambo ya anga. Juzi kati mama mmoja anayeuza mboga sokoni alijibana, akamnunulia binti yake darubini kwenye duka moja Dar. Laki tatu. Boksi linavutia kweli: picha ya Zohali na pete zake, picha ambayo hata asiyejua anga anaona imepigwa na chombo kilichotumwa huko huko, na chini yake maandishi makubwa mekundu, 525X, yaani eti inakuza mara 525.

Usiku tukaifunga uwanjani. Mshtarii ilikuwa imeshapanda, inang'aa vizuri kabisa. Tulichokiona ni doa la ukungu linalotetemeka. Ukigusa gurudumu la kufokasi, stendi yote inacheza na sayari inapotea. Ukiipata, inatoka tena. Binti akaniuliza taratibu, "Mwalimu, au mimi ndiyo sijui kuangalia?"

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Mtoto ana akili zake timamu, anaanza kujiona mjinga kwa sababu kuna mtu kaamua kuuza namba.

Sasa niwaonyeshe hiyo 525 inavyopikwa. Urefu wa fokasi wa ile darubini, yaani umbali kutoka lenzi ya mbele hadi pale mwanga unapokutana, ni milimita 700. Ndani ya boksi wameweka lenzi ndogo ya kuchungulia ya milimita 4. Gawanya 700 kwa 4, unapata 175. Halafu wameongeza kibomba cha plastiki, lenzi ya Barlow inayozidisha mara 3. 175 mara 3 ni 525. Hesabu ni sahihi, ndiyo maana wanajiona wako salama. Wanachokificha ni kipenyo cha lenzi ya mbele: milimita 70. Hicho ndicho kinachoamua darubini inakusanya mwanga kiasi gani na inaweza kutenganisha vitu vidogo kiasi gani. Kanuni ya watazamaji wa nyota ni kwamba ukuzaji wenye maana hauzidi mara mbili ya kipenyo kwa milimita. Yaani 140, tena siku hewa imetulia. Ukipita hapo unatandaza mwanga ule ule mdogo kwenye picha kubwa, inakuwa giza na ukungu. Na kwa vile dunia inazunguka, kwa ukuzaji wa 525 sayari inakatiza na kutoka ndani ya sekunde ishirini hivi. Mtoto ataona nini?

Galileo mwaka 1610 aliona miezi minne ya Mshtarii kwa darubini iliyokuza kama mara 20 tu. Ishirini!

Tukija kwenye stendi, huko ni aibu tupu. Miguu ya bati jembamba na kiungo cha plastiki ambacho ukikaza kinapinda, ukilegeza kinaanguka. Wengine wanakuuzia kwa bei ya juu zaidi ile stendi yenye mawe ya mizani, "ya kitaalamu". Ile imetengenezwa mhimili wake uelekezwe kwenye ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota zote zinaonekana kuizunguka, na kimo cha ncha hiyo juu ya upeo wa macho ni sawa na latitudo ya mahali ulipo. Ulaya ni nyuzi 50 hivi. Hapa Morogoro na Dar ni nyuzi 7 tu, nyuma ya miembe na mapaa ya jirani. Nairobi ni nyuzi 1 na kidogo. Nyingi za bei nafuu hazishuki hadi huko, na ukizilazimisha jiwe linagonga mguu. Nani dukani anamwambia mteja hilo? Kwetu stendi ya kawaida ya kupanda-kushuka na kulia-kushoto inatosha, mradi iwe ngumu na bomba liweze kuelekea utosini, maana sayari kwetu hupita juu kabisa ya kichwa.

Lakini kilichonifanya nitetemeke ni kile kichujio cha jua. Kigae kidogo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya kuchungulia. Jamani! Lenzi ya mbele inakusanya jua lote na kulielekeza pale pale penye kigae. Kinapata moto, kinaweza kupasuka ghafla jicho likiwa limebanwa hapo, na retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, haina maumivu ya kukuonya. Kichujio salama hufunika mbele ya darubini, kabla mwanga haujaingia. Watu walisafiri hadi Rujewa, Mbeya, Septemba 1, 2016 kuona jua likipatwa na kubaki pete. Agosti 2, 2027 kuna kupatwa kwingine, na huku kwetu tutaona sehemu tu. Watoto watatoa hivyo vigae kwenye maboksi. Ukikikuta, kivunje, usimpe hata mtu mzima.

Nilirudi dukani na yule mama. Nikamuuliza kijana, lenzi ya mbele ina kipenyo gani? Akasema nisome boksi. Kimeandikwa kweli, kwa herufi za kutafuta na tochi. Tulipoomba kurudishiwa hela, jibu likawa, "Mama, mzigo ukishafunguliwa haurudi. Na wateja wenyewe wanaulizia namba kubwa." Wanaulizia kwa sababu ninyi ndio mmewafundisha!

Kwa anayetaka kununua ya lenzi: anza na kipenyo, milimita 70 au 80, kioo halisi cha lenzi mbili zilizounganishwa. Bomba refu, 700 hadi 900, kwa sababu mafupi sana yanatia rangi ya zambarau kuzunguka Mwezi na sayari. Lenzi za kuchungulia mbili, ya 25 na ya 10. Kwa bomba la 700 hizo ni mara 28 na mara 70, na hapo unaona mashimo ya Mwezi, miezi ya Mshtarii, Zuhura ikiwa hilali, Kilimia imejaa nyota, na pete za Zohali, ndogo lakini kali. Tundu la kuzichomeka liwe la inchi 1.25; yale membamba ya 0.965 achana nayo. Kabla hujatoa hela, itikise stendi dukani. Hela haitoshi? Chukua darubini ya macho mawili ya 10x50 (inakuza mara 10, lenzi za mbele milimita 50), itakupa raha kuliko boksi zima la 525X.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa. Nimepiga picha za boksi pande zote, risiti ya mama ninayo, na malalamiko nayapeleka Tume ya Ushindani. Mwenye boksi kama hili na risiti yake anijibu hapa hapa, tuyapeleke pamoja.