Vifaranga 37 wamefia ndani ya mayai, naomba ushauri kabla sijaweka mengine (Uyole, Mbeya)

Mama Tetea
Shikamooni wakubwa, wengine habari za kazi. Nina mashine ya kutotolesha ya mayai 64, ya umeme, ina feni na inageuza mayai yenyewe. Machi niliweka mayai 60 ya kienyeji nikapata vifaranga 46, nikaona kazi nimeiweza.

Mwanzoni mwa Juni nikaweka 54. Siku ya 10 nikamulika kwa tochi ya simu, nikatoa 6 yasiyo na mishipa, 48 yakabaki yanaendelea vizuri kabisa. Siku ya 21 kimya. Siku ya 22 kimya. Siku ya 23 wametoka 11, wanyonge, wengine vitovu havijafunga. Nimevunja machache kati ya yale 37: kifaranga kamili, ana manyoya, kafia ndani bila hata kudonoa ganda. Nimelia jamani.

Mashine ilisoma joto la nyuzi 37.7 muda wote na maji nilikuwa naongeza. Mayai ni ya kuku wangu, jogoo 2 kwa matetea 15, na hakuna yai lililokaa zaidi ya siku 6. Nimekosea wapi?

Kuku wa Isyesye
Pole sana dada. Jogoo waache, hawana kosa. Mbegu ingekuwa mbovu ungeliona siku ile ya 10. Kuchelewa siku mbili maana yake joto lilikuwa pungufu, na vitovu kutofunga mara nyingi huendana na hilo.

Ile namba ya kwenye kioo inasoma pale kitambuzi cha joto kilipofungwa tu, si pale yai lilipolala. Tafuta kipimajoto kingine, hata cha homa cha duka la dawa, ukilaze juu ya mayai usiku wa manane ulinganishe. Mashine ya feni inatakiwa 37.5 hadi 37.8. Halafu tuambie: umeiweka wapi, na baridi hii unaifanyaje?

Mama Tetea
Iko stoo, chini ya dirisha. Usiku naivika blanketi mpaka chini, asubuhi naitoa.

Mfugaji Njombe
Kamwene dada. Basi hapo kwenye blanketi ndipo walipofia wanao. Umeziba matundu ya hewa.

Yai linapumua. Wiki ya kwanza mahitaji ni kidogo, usingeona madhara. Siku za mwisho kifaranga amejaa ganda zima, anatoboa chumba cha hewa na kuanza kutumia mapafu, na hapo ndipo anahitaji hewa safi kuliko siku zote. Nyie Uyole mko juu ya mita 1,700, huku kwetu Njombe ni zaidi, hewa yenyewe ni nyepesi kuliko ya Dar. Ukiipunguza tena kwa blanketi, anakufa akiwa kamili, kama ulivyowakuta. Machi hukuwa na haja ya blanketi, ndiyo maana ulipata 46. Mimi nilipoteza mayai ya mashine nzima hivyohivyo Julai moja, bado inaniuma.

Pasha chumba, usiifunike mashine. Ihamishie chumba cha katikati ya nyumba, juu ya meza ya mbao, mbali na dirisha na mlango.

Kijana Mafinga
Au aweke jiko la mkaa humo chumbani usiku, joto litapanda haraka.

Kuku wa Isyesye
Mdogo wangu, hapana, hata kwa dakika chache. Moshi wa mkaa usioonekana unaua vifaranga na unaua watu waliolala. Dada, usilifanye hilo kabisa. Umeme ukikatika, usifungue mashine ovyo, weka chupa za maji ya moto ndani na matundu uyaache wazi.

Mama Tetea
Nimerudi. Kipimajoto cha pili kilisoma 36.4 saa tisa usiku, kioo kikiwa kinaonyesha 37.7 ileile! Nimeihamishia sebuleni na kurekebisha joto mpaka vipimo vya juu ya mayai vikasoma 37.6 usiku na mchana. Nimeweka 50, leo siku ya 7, 45 yana mishipa mizuri. Ndaga fijo, asanteni sana. Sasa maji niweke kiasi gani? Naogopa kukosea tena mwishoni.

Mfugaji Njombe
Mpaka siku ya 18 unyevu uwe asilimia 50 hadi 55, kisha acha kuyageuza mayai na upandishe unyevu mpaka 65 au 70. Kiangazi hiki hewa ni kavu, kwa hiyo angalia beseni la maji kila siku. Siku hiyo ya 18 mulika pia: chumba cha hewa kikiwa karibu theluthi ya yai, uko sawa. Baada ya hapo funga mlango wa mashine, na usifungue hata ukiwasikia wanalia.

Mama Tetea
Nimeandika ukutani juu ya mashine. Siku ya 21 inaangukia Jumapili, nitakuja kuwaambia.