Kivinjari kinakataa, na fomu ya pasipoti inanisubiri

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nimekwama. Laptopu niliyoachiwa na shemeji ilikaa kabatini miezi minane. Jana nimeiwasha nijaze fomu ya pasipoti ya mtoto kwenye tovuti ya serikali ya kwetu nyumbani. Kivinjari changu, Chrome, kinatoa onyo tu, ERR_CERT_DATE_INVALID, yaani tarehe ya cheti si halali. Jirani kasema nibofye "endelea" yaishe. Nibofye?
Mama Mapacha, Columbus

> Usibofye, dada! Namba za pasipoti na kadi ya benki utazimwaga kwa usiyemjua. Je, ni tovuti hiyo peke yake, au hata barua pepe? Kama zote zimegoma, tazama saa pale chini kulia. Cheti cha usalama, yaani kitambulisho ambacho tovuti hukionyesha kivinjari, kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta ikiamini tuko 2015, cheti cha mwaka huu kwake hakijazaliwa.
> Fundi, Dayton

Umejuaje? 1 Januari 2015, saa sita na dakika nne usiku! Nimerekebisha, zote zimefunguka. Nikaizima, nikachomoa chaja kuipisha pasi ya nguo. Kuwasha tena: 2015.
Mama Mapacha

> Betri ya saa imekufa, kile kidude cha duara kama sarafu ndani ya kompyuta. Nyingi ni CR2032, ila za laptopu nyingine zina waya na plagi, kwa hiyo fungua uione kabla hujanunua. Kwa sasa iache kwenye chaja.
> Fundi

Ahsante. Ila kivinjari changu kingine, Firefox, bado kinaikataa tovuti ile ile: SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER, yaani mtoa cheti hajulikani. Chrome inaifungua!
Mama Mapacha

> Hapo kosa huenda si lako. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, inatakiwa kutuma cheti chake pamoja na cha kati, kinachokiunganisha na cheti cha mzizi ambacho kivinjari kinakiamini. Wenye tovuti wakisahau cha kati, Chrome hukifuata yenyewe kilipo, Firefox haikifuati. Ofisini kwao kila mtu akitumia Chrome, nani ataona? Waandikie. Lakini Firefox ikikataa tovuti zote kwa mkupuo, mshuku antivairasi: zipo zinazojiweka katikati na kutoa vyeti vyake.
> Fundi

Wanangu, mimi Mac yangu ni ya El Capitan, mfumo wa zamani wa Apple. Tangu 30 Septemba 2021 tovuti kibao zilinifungia mlango, nikamgombeza mjukuu bure. Kumbe siku hiyo mzizi wa zamani, DST Root CA X3, uliokuwa ukibeba vyeti vya Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya bure, ulikwisha muda, na Mac hii haiujui mpya, ISRG Root X1. Firefox hutembea na orodha yake yenyewe ya mizizi. Nikaweka Firefox 78, ya mwisho kukubali mashine hii, milango ikafunguka.
Babu, Cincinnati

> Shikamoo Babu. Kwa kusomea magazeti, sawa. Ila toleo hilo halipati tena marekebisho ya usalama. Benki usiingie nalo.
> Fundi

Marahaba. Benki naendaga kwa miguu.
Babu