Tupeane uzoefu: wimbo gani wa kanisani au wa Msingi (darasa la watoto kanisani) ulikuingia na mpaka leo haujatoka?

mama_wa_ukonga:

Kaka na dada zangu habari za Jumapili. Nimetoka kanisani sasa hivi, maharage yako jikoni, nikasema ngoja niandike kabla sijapoa.

Mimi nimekulia kwaya. Kule nilikotoka Jumapili bila ngoma na kayamba haikuwa Jumapili, tunaimba mpaka vumbi linapanda na mimi ni sauti ya kwanza, mstari wa mbele kabisa. Sasa siku ya kwanza naingia Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (wengi mnatuita Wamormoni), mwaka 2019, nakuta watu wametulia, kinanda kidogo kinapigwa polepole, hakuna makofi, hakuna vigelegele, wimbo umeisha na watu kimya. Nikamnong'oneza dada aliyenileta, jamani hapa kuna msiba? Nilikaa miezi kama minne nahudhuria hivyohivyo, mafundisho nayapenda ila nyimbo hapana, naziona za baridi.

Kilichonigeuza hakikutokea hata kanisani. Mwanangu wa kiume alikuwa na miaka mitano, anaenda darasa la Msingi na watoto wenzake. Jioni moja umeme umekatika, namuogesha uani kwenye beseni, akaanza kuimba Mimi ni Mtoto wa Mungu mwanzo mpaka mwisho peke yake gizani. Baba yake kakaa kibarazani. Mume wangu ni Muislamu, fundi seremala wa Keko, sijawahi kumlazimisha jambo la imani na yeye hajawahi kunizuia. Akauliza, huo nani kakufundisha? Mwalimu wa Msingi. Akamwambia imba tena. Mtoto akaimba. Akasema tena. Mara tatu, maji yamepoa na mtoto anatetemeka ila haachi.

Usiku akaniuliza habari za ule wimbo nikamwambia nilichosikia darasani, kwamba maneno aliandika mama mmoja Naomi Randall mwaka 1957, muziki akatia Mildred Pettit, na kwamba pale kwenye kiitikio mwanzoni mtoto alikuwa anaomba afundishwe yote anayopaswa kuyajua. Baadaye Spencer Kimball, aliyekuja kuwa rais wa kanisa letu, akiwa bado mtume, akashauri neno libadilishwe, badala ya kujua iwe kutenda. Mume wangu akakaa kimya kidogo akasema huyo mzee anaelewa kazi, mimi nina vijana pale karakana wanajua kila kitu cha kabati, kulitengeneza ndo hawawezi.

Ndo kuanzia hapo nikaanza kusikiliza maneno. Kumbe miezi yote minne nilikuwa nasikilizia ngoma ambayo haipo nikapitwa na maneno yaliyopo.

Haya na nyie leteni. Wimbo gani, ulikuwa wapi, ilikuwaje.

mkatoliki_wa_tabata:

Dada samahani naingilia, mimi si wa kwenu ila nimewahi kualikwa ubatizo wa jirani yangu. Nimeguswa na hiyo ya mwanao ila naomba kueleweshwa, kwa nini hampigi ngoma kabisa? Mwafrika bila ngoma anamsifuje Mungu? Nauliza kwa nia njema kabisa.

mama_wa_ukonga:

Karibu sana kaka yangu. Hata mimi niliuliza hivyohivyo. Kwenye mkutano wa sakramenti, yaani ibada yetu ya Jumapili ya mkate na maji, tuna wimbo wa kufungua, wimbo wa sakramenti, na wa kufunga, basi. Ule wa sakramenti unaimbwa wakati makuhani pale mezani wanamega mkate, tena mara nyingi ni vijana wadogo tu wa miaka kumi na sita kumi na saba. Utulivu wote unatokea hapo, unaimba huku unaona mkate unamegwa. Nilipolielewa hilo nikaacha kulalamika. Ila nyumbani kwangu kaka ngoma ipo, iko juu ya kabati, na watoto wanaipiga mpaka majirani wanajua.

mzee_wa_magomeni:

Wanangu mmenikumbusha mbali. Kanisa lilisajiliwa hapa nchini 1992, sisi wa miaka ile ya mwanzo tulikuwa wachache, mvua ikinyesha tunabaki watu kumi. Nyimbo tuliimba kwa Kiingereza. Kulikuwa na mama zetu pale Kiingereza hawakijui hata kidogo, lakini wimbo wakiusikia mara mbili wameushika kwa sikio, wanatamka wanavyosikia, na sauti ya pili wanajiwekea wenyewe bila kufundishwa na mtu. Mimi nilikuwa nasoma maneno sawasawa na naimba vibaya, wao hawasomi na wanaimba vizuri.

Nilikuja kufarijika niliposoma habari za Emma Smith, mke wa nabii Joseph Smith aliyeanzisha kanisa letu. Julai 1830 kanisa lina miezi mitatu tu Bwana akamwagiza mama huyo achague nyimbo, iko Mafundisho na Maagano, moja ya vitabu vyetu vya maandiko, sehemu ya 25, na pale ndipo panaposema wimbo wa wenye haki ni sala kwake. Kitabu chake cha kwanza cha nyimbo kina mwaka 1835, nyimbo 90, maneno matupu, hakuna nota hata moja. Watu walichukua tuni wanazozijua tayari wakaimbia humo. Kwa hiyo mama zetu wa Dar hawakuwa nyuma ya mtu yeyote, walikuwa wanafanya kama walivyofanya wale wa mwanzo kabisa.

Wimbo wangu ni Mungu Awe Nanyi Daima. Tulimzika mke wangu makaburi ya Kinondoni, mtaa mzima ulikuja, Walutheri, Wasabato, Wapentekoste, na Waislamu wamesimama pembeni kwa heshima. Niliogopa ibada yetu itaonekana ngeni kwao. Tulipoanza huo wimbo kila Mkristo pale alikuwa anaujua, kila mtu kwa maneno ya kitabu cha kwao, yanapishana hapa na pale lakini tuni ni moja. Aliyeandika ni mchungaji wa Marekani, Jeremiah Rankin, wala hakuwa wa kanisa letu. Sikuweza kuimba siku ile. Niliimbiwa.

mama_wa_ukonga:

Pole sana baba. Nimesoma mara mbili.

kaka_wa_mbagala:

Shikamoo mzee wangu, pole sana, umenitoa machozi na mimi nipo kwenye daladala.

Yangu ni hii. Nilitumikia misheni Kenya, kule wamisionari tunaitwa Mzee hata kama una miaka kumi na tisa, watu wa mtaani wanashangaa kijana mdogo anaitwa Mzee. Mwezi wa kumi na moja wa misheni yangu nikapigiwa simu na rais wa misheni kwamba baba amefariki. Nikapewa uamuzi niende au nibaki, nikaongea na mama akasema baba yako aliniambia usikatishe, basi nikabaki. Baba akazikwa mimi nipo Kisumu nimekaa kwenye kitanda cha chuma naangalia ukuta.

Mwenzangu alikuwa kijana wa Utah, Kiswahili kinamsumbua balaa, hakujua aniambie nini, akafungua kitabu akaanza kuimba ule wa waumini wetu wa zamani waliohamia magharibi ya Marekani, wa William Clayton. Ubeti wa mwisho unazungumza juu ya kufa kabla safari haijaisha, na kwamba hata hivyo yote ni mema. Miaka yote nilidhani ule ni wimbo wa msiba. Nikamwambia huo usiimbe, unaniumiza. Ndo akaniambia kwamba Clayton aliuandika kwa furaha. Ilikuwa Aprili 1846, wapo njiani Iowa, matope na baridi, mkewe Diantha kamuacha Nauvoo, mji walioutoka, mjamzito, habari ikamfikia kwamba amejifungua mtoto wa kiume, na siku hiyohiyo akauandika. Yaani mtu kapata habari ya mtoto wake yuko mbali hawezi hata kumshika, akaandika vile.

Na mimi nilikuwa na habari ya baba yangu nipo mbali siwezi hata kumshika. Sijui niseme nini zaidi hapo. Akauimba tena wote, ubeti wa mwisho mimi nikashindwa akamalizia peke yake na kile Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, na mpaka leo nikiuimba nausikia na zile lafudhi zake.

mwalimu_wa_kimara:

Mimi ndo yule mwongoza muziki wa Msingi mnayetuletea watoto tukae nao dakika ishirini huku mmetulia darasani kwenu 😊 nawapenda lakini.

Niwaambie ukweli, nilipoitwa sikujua kusoma nota wala kuongoza kwa mkono. Nikajifunza mbele ya kioo. Watoto wanapenda sana wimbo wa bisi, ni wa kitabu cha nyimbo za watoto cha Kiingereza cha 1989, wamisionari walitufundisha, unasema mtoto katazama dirishani kaona bisi zinapasuka juu ya mti wa aprikoti. Sasa mtoto wa Kimara aprikoti ataijulia wapi? Wakaniuliza mwalimu aprikoti ni nini, hata mimi sijawahi kuila. Nikachora picha wakasema ni embe bichi. Jumapili iliyofuata nikakata tawi la mlonge wa jirani, limejaa maua meupe, nikaingia nalo darasani sikusema neno. Kitoto kimoja kikapiga kelele BISI! Basi wakaelewa wote kwa mpigo. Nadhani hiyo ndo kazi yetu, sio kubadilisha wimbo, ni kumtafutia mtoto mlonge wake.

Halafu kuna mmoja alikuwa haimbi. Mwaka mzima. Anakaa chini ya kiti, ukimuita anajificha zaidi. Nilishaamua kimoyomoyo huyu simpati. Mwezi wa tisa tunafanya mazoezi ya programu ya watoto ya mkutano wa sakramenti, mama yake akanifuata akaniambia mwalimu usimkatie tamaa, nyumbani anawafundisha kuku. Nikasema kuku gani? Akanionyesha video kwenye simu, mtoto amesimama juu ya ndoo, anaongoza kwa mkono kama ninavyoongoza mimi, na makosa yangu yote ya mkono wa kushoto anayo, anaimba beti zote, na akimaliza anawaambia kuku kaeni kwa heshima. Nililia pale korido. Siku ya programu hakuimba vilevile, alisimama tu kaziba uso kwa karatasi, na mimi sikujali hata kidogo kwa sababu najua kuku wake wanazijua nyimbo zote.

baba_yake_malaika:

Mimi kifupi. Nimetengana na mama mtoto, binti yangu yuko naye. Kuna ule wimbo wa sala ya mtoto wa Janice Kapp Perry, una sehemu mbili, mtoto anauliza kama Baba wa Mbinguni yupo kweli na anasikia, kisha mkubwa anamjibu, halafu mwisho zote mbili zinaimbwa pamoja na zinaoana. Kila siku saa mbili usiku napiga simu, yeye anaimba ya kwake mimi naimba ya kwangu. Simu inachelewesha sauti kwa hiyo ile ya pamoja haijawahi kuoana hata siku moja. Tunaimba hivyohivyo.

mpiga_kinanda:

Nimesoma zote nimekaa kimya muda mrefu. Ngoja na mimi nichangie ya kwangu ya kikazi zaidi.

Shida yetu wapiga kinanda wa Dar ni namba. Kitabu chetu cha Kiswahili ni kile chembamba, nyimbo chache za kanisa na chache za watoto humo humo, na namba zake haziendani na kitabu kikubwa cha Kiingereza cha 1985 chenye nyimbo 341. Mimi ni mwanafunzi, nimejifunzia kwenye cha Kiingereza. Siku ya kwanza kabisa napiga, mikono inatoka jasho, mwongozaji katangaza namba ya Kiswahili, mimi nimefungua namba hiyohiyo kwenye kitabu changu. Napiga utangulizi, watu wanatazamana. Wamama wa mbele wakasikiliza kidogo, wakautambua wimbo ninaopiga, wakauimba huo kwa kichwa bila kitabu, na mkutano mzima ukafuata. Hakuna aliyenisimamisha wala kunisema baada ya ibada. Askofu, yaani kiongozi wa kusanyiko letu, alinishika bega tu.

Ndo maana nikasikia habari ya kitabu kipya cha nyimbo cha kanisa letu nikafurahi sana. Kilitangazwa 2018, waumini wa dunia nzima wakaruhusiwa kutuma nyimbo zao, na zile 13 za kwanza zikatoka tarehe 30 Mei 2024 kwa lugha chache. Nyimbo za kanisa na za watoto zitakuwa kitabu kimoja, na wimbo utakuwa na namba ileile kwa lugha zote. Sisi tuna waumini wa Kongo wanaimba Kifaransa, wapo wa Kiingereza, na sisi wengi wa Kiswahili, fikiria siku namba ikitangazwa na wote tunafungua ukurasa mmoja. Natamani sana humo siku moja iwemo tuni iliyozaliwa Afrika Mashariki. Sio lazima ngoma, tuni tu.

mkatoliki_wa_tabata:

Nimejibiwa swali langu na zaidi. Yule wa kuku nimemsimulia mke wangu. Baba yake Malaika Mungu akutie nguvu.

mama_wa_ukonga:

Jamani nilidhani nitapata majibu mawili matatu. Maharage yaliungua, nimeinjika mengine.

Mmeniuliza huko inbox kama mume wangu alijiunga na kanisa. Hapana, anaswali zake msikitini kama kawaida. Ila mwaka jana binti yetu mdogo alipewa mstari wa kusema kwenye programu ya watoto, akawa analia hafiki kwenye maikrofoni. Mume wangu akapima urefu wake ukutani kwa penseli, Jumamosi akarudi na kistuli cha mninga, ngazi mbili, kimepigwa msasa mpaka kinateleza, chini kaweka mpira kisisogee. Kistuli kimebaki kanisani, watoto wote wanakipanda.

mwalimu_wa_kimara:

Kumbe kile kistuli ni chenu! Sisi tulikiazima mwezi uliopita. Dada mwambie mguu mmoja umeanza kucheza kidogo, tutakirudisha Jumamosi, mazoezi ni saa tisa. Na mpiga kinanda kama upo njoo, tafadhali shusha ufunguo wa nyimbo, watoto wangu juu kule hawafiki.