Tupeane uzoefu: mwenye ulemavu na siri ya kura yake, Unguja na Pemba

Assalaam alaykum ndugu zangu. Anayejua kazi za kituoni atoe alichonacho, khasa mambo yanayokwamisha watu.

Wa Wete: Nianze na wasioona. Mzanzibari hupiga kura tano: tatu za ZEC, yaani Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar (Rais wa Zanzibar, Mwakilishi, Diwani) na mbili za Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi (Rais wa Muungano, Mbunge). Ni tume mbili, kila moja na wasimamizi wake. Ukipewa jalada la nukta nundu (maandishi ya kupapasa ya wasioona) kwa tume ya kwanza, kwa ya pili omba tena.

Karatasi huingizwa ndani ya jalada, na kila tundu hukaa penye kisanduku cha mgombea mmoja. Isipofika mwisho, alama ya vema huangukia mstarini au kwa mgombea mwengine. Papasa kona ya juu mpaka karatasi na jalada viwe sawa. Kabla hujaingia kituturini, msimamizi akusomee majina yote kwa mpangilio, nawe ushike namba ya wako. Akikuuliza "unamtaka nani?", usimjibu, mawakala wa vyama wanasikia. Uliza na idadi ya wagombea, maana matundu yakizidi majina, anayehesabu kutoka chini hupotea. Hata asiyesoma nukta nundu analiweza jalada, kwani kuhesabu kwa kidole kunatosha. Ukimaliza toa karatasi humo humo, ikunje, ndipo uende sandukuni.

Bi Mkubwa, Chake Chake: Kwa anayehitaji msaidizi: Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia 2009, unasema katika Ibara ya 29 kwamba msaada hutolewa kwa ombi la mpiga kura, na mtu anayemchagua mwenyewe. Basi mchague nyumbani, siku kabla. Asiyekuja na mtu ndiye anayeishia kupewa yeyote aliye karibu. Msaidizi aongoze mkono hadi kwenye kisanduku, vema aiweke mwenyewe akiweza. Na jamaa wasimwamulie mzee wao. Hilo linaniuma sana, kwani kura ni yake hata kama macho ni ya mwanawe.

Fundi, Mjini: Vituo vingi ni skuli, na skuli zina vizingiti. Kwa kiti mwendo, kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za mteremko: kizingiti cha sentimita 15 kinataka ubao wa mita 1.8. Ubao mfupi humpindua mtu kinyumenyume. Mlango uwe na upana wa sentimita 80 angalau, na chini ya meza ya kituturi pabaki kama sentimita 70 magoti yaingie. Sheha na wasimamizi wakague wiki moja kabla, kwa futi mkononi.

Wa Mkoani: Kiziwi aje na kalamu na daftari, aandikiane na karani. Picha ya mgombea na nembo ya chama zimo kwenye karatasi, kwa hiyo tatizo lake kubwa ni kuitwa jina asisikie. Karani amwite kwa mkono. Mwenye ualbino asiwekwe juani, naye aje na kofia na lenzi yake. Wote hawa hawapangi foleni. Mwambieni askari wa mlangoni mapema. Ukiharibu karatasi kabla ya kuitia sandukuni, irudishe kwa msimamizi akupe nyengine.